Shoka la Pwani katika Korongo la Kamwela

Mimi si mtu wa kuamini upesi, na sioni aibu kulisema. Kuku wangu akitaga mahali papya huwa najiuliza ana sababu gani. Marehemu mume wangu, Emilian, alikuwa akinitania kwamba siku ya kiyama nitamtaka Mtakatifu Petro aonyeshe kitambulisho kwanza. Alicheka sana kila aliposema hivyo, lakini hata yeye nilikuwa namnusa mdomo akirudi kutoka kwa wauza wanzuki.

Kwa hiyo mwaka jana, mwezi wa Julai, tumbaku ikiwa imeshakwenda sokoni, sikuhitaji mtu wa kuniambia niwe macho. Magari mawili meupe yaliingia kijijini kwetu, upande wa Sikonge, wakashuka watu wenye kofia pana wakaanza kupima kwa kamba kwenye korongo la Kamwela. Walijitambulisha kuwa watafiti wa chuo kikuu. Walikuja, walisema, kutafuta zana za mawe za watu wa kale, walioishi kabla ya jembe, kabla ya chuma, kabla ya mtu yeyote kujiita Mnyamwezi au Msukuma.

"Mawe?" nilimwuliza Wilbroad, mwenyekiti wa kitongoji chetu. "Watu watoke Dar es Salaam na magari mawili, mahema na mpishi wao, waje kutafuta mawe? Kwao mawe yameisha?"

Wilbroad alitazama nyuma yake kabla ya kujibu, ingawa tulikuwa wawili tu na mbuzi wake. "Mama Recheli, wewe unajua na mimi najua. Hawa wana mchongo wao. Ni dhahabu ya Mjerumani hiyo."

Huko kwetu hilo halihitaji maelezo. Mjerumani alipokuwa anafukuzwa na Wabelgiji alikuwa anatengeneza sarafu za dhahabu hapa hapa Tabora, zenye picha ya tembo, na kila mtu ana babu aliyemwona askari akizika sanduku. Njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wetu na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, inapita juu kidogo ya korongo la Kamwela. Mtu akitaka kuzika kitu na kukirudia, atakizika kando ya njia inayojulikana. Tumeshawaona wenye ramani na wenye vyombo vinavyolia vikinusa chuma, na jirani yangu mmoja alibomoa jiko lake mwenyewe kwa sababu ya ndoto. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Watafiti walipotaka vibarua wa kijijini, Wilbroad aliliweka jina langu juu kabisa ya orodha. Alisema macho yangu hayalali. Nilijua ananituma nikapeleleze, na sikukataa, maana hata asingenituma ningekwenda.

Mkubwa wao alikuwa Dokta Theodora, mwanamke mfupi wa Bukoba, mwenye miaka kama arobaini na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Asubuhi ya kwanza alinipigia shikamoo kabla sijamaliza kukohoa. Nilimwitikia marahaba, lakini moyoni nikasema msomi mwenye haraka hivyo ya kuniheshimu ana analolitaka. Alitusimamisha kwa mstari, akatuambia kwamba vitu vya kale vinalindwa na sheria, na kwamba kosa kubwa kuliko kuiba ni kuhamisha. "Jiwe likiwa mahali pake linasema," alisema. "Likihamishwa linanyamaza." Nilidhani ni maneno ya kututisha tusiguse dhahabu yao.

Mimi nilipangwa kwenye chekecheke. Wachimbaji walikwangua udongo kidogo kidogo kwa mwiko wa fundi, wakaujaza kwenye ndoo, na sisi tukauchekecha juu ya turubai kutafuta vipande vilivyowaponyoka. Mwenzangu wa upande wa pili wa chekecheke alikuwa Jonasi Nijimbere, mwanamume wa miaka thelathini na kitu kutoka Ulyankulu. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, yeye akazaliwa huku, na karatasi ya uraia anayo. Hakuwa kibarua kama sisi. Mwaka uliotangulia alikuwa amefanya kazi na Dokta Theodora kwenye mashimo yao ya pwani, na huku alikuja kama fundi.

Ndiye aliyenifundisha kusoma jiwe. "Tazama, mama," alisema siku ya pili, akiweka vipande viwili kwenye kiganja changu. "Hiki kimepasuka kwa jua na maji. Kimepasuka ovyo. Na hiki, mtu alipiga hapa, akageuza, akapiga hapa. Alikuwa anajua anachokitaka." Nilitazama sana nisione tofauti, halafu siku ya nne nikaiona, na tangu hapo sikuweza kupita juu ya changarawe bila kuinama. Wakati wa chakula nilimpa michembe yangu ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga, naye alinimegea chapati. Nilimpenda, kwa kweli. Hata hivyo kila jioni alipokuwa anakung'uta suruali nilitazama kama mifuko yake imevimba.

Wiki tatu zilipita bila kitu chochote cha kung'aa. Vipande vya mawe vilifungwa kimoja kimoja kama mayai ya kwenda sokoni, vikaandikwa namba, vikapakiwa kwenye masanduku ya bati. Nilipomweleza Wilbroad alitikisa kichwa.

"Wanajua unawaangalia. Mawe hayo ni ya kukuzubaisha wewe. Chenyewe kinapita kwingine."

"Kwingine wapi? Nipo pale tangu asubuhi hadi jioni."

"Basi hata mawe yenyewe wanayajua? Umejuaje kama wanayajua?"

Swali hilo lilinikaa rohoni. Nilirudi nyumbani, nikafika mlangoni, nikajikwaa kama nilivyojikwaa kwa miaka thelathini, na hapo wazo likanijia.

Pale mlangoni kwangu kulikuwa na jiwe la kuzuia mlango usipigwe na upepo. Lilitoka katika ukoo wa mume wangu. Babu wa baba yake alikuwa mpagazi, na katika ukoo ule walikuwa na desturi yao: mtu akirudi na kusema amefika pwani, anatakiwa aweke chini kitu cha huko. Wengi walikuwa wanaishia Ugogo, wanakaa miezi, halafu wanarudi kujisifu kwamba wameoga bahari. Kitambaa hakikukubaliwa, kwa sababu kitambaa ungeweza kukipata kwa Mwarabu hapa Unyanyembe. Basi mzee yule alirudi na jiwe ambalo halikuwa na mwenzake Unyamwezi nzima, rangi ya uji wa ulezi, lenye umbo la ulimi wa ng'ombe, limechongwa pande zote mbili. Waliligeuza na kuligeuza, wakakubali kwamba amefika. Nadhani ndiyo sababu niliolewa katika ukoo ule, maana tulifanana. Lilikuwa limemeguka pembeni, mahali Emilian alipolitumia kugongomelea msumari mwaka tuliohamia nyumba hii.

Nilililaza kwenye maji usiku kucha. Asubuhi nikalisugua kwa majivu, nikalipaka tope la korongo, na kulificha chini ya michembe kwenye kikapu. Hesabu yangu ilikuwa fupi. Wataalamu wa kweli wakiliona watasema hili si la hapa, walitupe nje. Waongo watatikisa vichwa na kuliandika namba. Saa ya chakula, wengine wakiwa kivulini upande wa jikoni, niliteremka kwenye shimo la tatu kama mtu anayetafuta kanga yake. Nilichimba kwa mkono pale wachimbaji walipoishia, nikalizika jiwe nusu, nikarudishia mchanga na kuushindilia kwa kiganja. Haikuchukua hata muda wa kusali Baba Yetu.

Saa tisa alasiri Dokta Theodora mwenyewe ndiye aliyeshika brashi. Nilimsikia akiita watu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tulikimbilia ukingoni sote. Alikuwa amepiga magoti.

"Shoka la mkono," alisema. "Tazameni lilivyotimia, kasoro hapo pembeni tu. Hakuna aliyewahi kutoa kama hili upande huu wa Tabora. Mtu alishika hili miaka laki tatu iliyopita, labda zaidi."

Lilipigwa picha kila upande. Likaandikwa namba. Nijimbere alinishika mkono kwa furaha akasema, "Mama, umeona?" Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kanga kwa sababu nilikuwa nacheka. Mlango wangu ulikuwa na miaka laki tatu!

Jioni ile nilikwenda kwa Wilbroad moja kwa moja, hata sikupitia nyumbani. Njia ya mwongo ni fupi, nilimwambia, na hawa yao imefika mwisho. Alinisikiliza akipiga mapaja. Tulikubaliana aitishe mkutano wa kitongoji juma lililofuata, na mimi nisimame niseme mbele ya watu wote kwamba nimewapima nikawakamata. Nililala usingizi mzuri, Mungu anisamehe.

Ijumaa yake alikuja Profesa Mustafa. Alikuwa mzee wa Tanga, mstaafu, mwenye kuyajua mawe yenyewe, yametoka wapi na yameumbikaje, na Dokta Theodora alikuwa amempigia simu kumwita aje kuona. Alishuka garini taratibu, akakataa chai, akataka shoka. Aliligeuza. Alilisogeza juani. Akatoa lenzi ndogo mfukoni akaliweka jicho juu yake kwa muda mrefu, halafu, mbele yetu sote, akalilamba.

"Theodora, mwanangu," alisema. "Njoo."

Dokta aliinama kwenye lenzi. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ni simbi," alisema Profesa, kwa sauti ya kutosha sote tusikie. "Simbi wa baharini, wadogo kama punje ya ulezi, wamo ndani ya jiwe lenyewe. Jiwe hili lilifanyika chini ya bahari, na huku bahari ya namna hiyo haikuwahi kufika. Zana ni ya kale, wala si ya kughushi. Lakini ni ya pwani, na kuna mtu amelileta akaliweka."

Walikuwa wanajua. Iliwachukua siku nne na mzee mmoja wa kulamba, lakini walikuwa wanajua kweli, na mimi nilikuwa nimewapima kwa kipimo changu mwenyewe wakafaulu. Sikuwa bado nimefikiria lingine lolote, na hapo Profesa akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia.

"Katika hawa, nani amewahi kufanya kazi pwani?"

Vichwa vyote viligeuka. Na changu kiligeuka.

Nijimbere alikuwa amesimama na ndoo tupu. Alichelewa kuelewa. "Dokta," alisema, "mimi? Kule nilikabidhi kila kitu. Wewe mwenyewe ulinisainia."

"Najua, Jonasi. Nataka tu nielewe."

"Ningeleta jiwe ili iweje?"

Mmoja wa vibarua wa kwetu alijibu kutoka nyuma kwamba ili msimu uongezwe, fundi aendelee kuwa fundi. Watu wakaguna kukubali. Nijimbere aliweka ndoo chini, akaleta begi lake mwenyewe, akalimwaga kwenye turubai bila kuambiwa. Kulikuwa na shati, Biblia ya Kirundi, sabuni, na funguo zilizofungwa kwenye simbi mmoja wa pwani, wale wanaouziwa wageni. Simbi yule hakuhusiana kabisa na waliomo kwenye jiwe, na mtu yeyote mwenye akili angeona hivyo. Lakini watu waliguna tena.

Dokta Theodora alimwambia aende nyumbani kwanza wakati wanachunguza. Alimwambia kwa adabu. Nijimbere aliokota vitu vyake kimoja kimoja, nami nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nikimtazama anavyofunga zipu. Alipoinua macho aliniangalia kama anayetaka mtu mmoja tu aseme neno. Niliangalia chekecheke.

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Methali hiyo nilikuwa naijua tangu utotoni, lakini huwa hatuambiwi aliyetega anajisikiaje. Ningependa kusema nilinyamaza kwa sababu ya mshtuko. Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu ya ile sheria ya siku ya kwanza, na kwa sababu ya fahari yangu, na kwa kitu kibaya zaidi ambacho nitakisema pia: kwa muda fulani, pale pale, nilijiuliza kama labda na yeye alikuwa ameiba jingine.

Wilbroad alinifuata shambani kesho yake. "Kaa kimya," alisema. "Umepona. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Atarudi kwao, yataisha."

"Kwao wapi?" nilimkemea. "Kazaliwa Ulyankulu! Hiyo Burundi yenyewe hata hajaiona!"

"Mama Recheli, mbona ukali? Si wewe uliyeliweka?"

Mkutano wa kitongoji hakuuitisha tena, na mimi niliendelea kwenda kwenye chekecheke, mwenzangu wa upande wa pili akiwa msichana wa kidato cha nne aliyejua kutikisa tu. Jumapili sikukomunika. Jumatatu ilikuwa siku ya tatu, nikawa nakwangua ukoko wa ugali sufuriani kwa kile kipande cha jiwe nilichozoea, chembamba, chenye makali. Nilikuwa nakwangulia kipande hicho tangu Recheli anyonye. Nikasimamisha mkono. Kilikuwa rangi ya uji wa ulezi. Ndicho kilichoruka siku ya msumari, nikakiokota kwa sababu situpi kitu.

Dokta alikuwa ametufundisha kwamba kipande kilichomeguka kina jiwe lake moja tu duniani, na kikirudishwa pale kilipotoka kinashika. Nilikiosha. Sikuvaa hata viatu.

Niliwakuta yeye na Profesa Mustafa kwenye meza yao ya kukunja. Nilisema yote kwa pumzi moja, mlango, mpagazi, majivu, shimo la tatu. Nilipomaliza Profesa alinitazama kwa huruma.

"Mama yangu," alisema, "tunafahamu ulikuwa unaelewana na yule kijana. Lakini huwezi kumwokoa kwa kujisingizia."

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Mara moja katika maisha yangu nimekwenda kwa watu kusema kweli tupu kwa hiari yangu, nao wananishuku! "Lete jiwe," nilimwambia, bila shikamoo wala tafadhali. Waliona bora waniridhishe. Nilichukua shoka, nikaweka kipande pembeni, nikakizungusha kidogo. Kikaingia. Kilishika hivi kwamba Profesa alipoligeuza jiwe juu chini hakikuanguka mara moja.

Kisha Dokta Theodora akatoa daftari, na akaanza kuniuliza kwa sauti ya chini. Nilichimba mahali gani hasa? Kwa mkono au kwa kitu? Mkono uliingia mpaka wapi, kwenye kiwiko au chini yake? Udongo nilioutoa niliurudisha wote? Nilishikilia ukuta wa shimo nilipokuwa natoka? Nilijibu nilivyokumbuka, na sikukumbuka yote. Aliandika mistari michache, akaweka kalamu.

"Shimo la tatu nalifunga," alisema. "Na vyote nilivyovitoa mle siwezi kuvisimamia. Nikiviandika, mwenzangu wa kwanza ataniuliza, na hiki je, nani alikiweka? Nami nitamjibu nini?" Alivua miwani akajifuta macho waziwazi. "Kwa nini, mama?"

"Nilidhani mnatafuta dhahabu."

Profesa Mustafa alicheka hadi akakohoa. Dokta hakucheka. Alichukua simu akampigia Nijimbere, mara tatu, haikupokewa. Ndipo ukaja ujumbe, akanisomea. Nijimbere alishukuru kwa kazi ya miaka miwili. Alisema habari zilimtangulia nyumbani, kwamba amekamatwa na mali ya serikali, na kwamba kigangoni wamemwondoa kwenye uongozi wa kwaya. Aliomba asipigiwe tena.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi hadi Tabora. Nililala Gongoni kwa binti yangu Recheli, nikamdanganya kwamba nakwenda kuona mbegu za maharage, na alfajiri nikachukua gari la Ulyankulu. Kumwuliza mtu si kazi. Nyumba ya Nijimbere nilionyeshwa na mtu wa kwanza, tena kwa kicheko.

Alikuwa anavaa koti la kwenda kanisani. "Shikamoo, mama," alisema. Aliniwekea kigoda, mke wake akaniletea maji. Niliwaeleza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nami matusi najua namna ya kuyapokea. Hakunitukana.

"Wao walinishuku kwa sababu hawakujua," alisema. "Wewe ulikuwa unanitazama nafunga begi."

"Ndiyo."

"Siku tatu."

"Ndiyo, mwanangu. Siku tatu."

Alifunga vifungo vya koti hadi cha juu. "Dokta alishanitumia ujumbe kwamba wamejua. Lakini ujumbe wa simu nitamwonyesha nani? Nitatembea nao nyumba kwa nyumba? Leo padre haji, ibada ni ya katekista. Baada ya ibada kuna matangazo. Simama useme hayo uliyoyasema hapa. Basi, sitaki kingine."

Mimi kwetu sijawahi hata kusoma somo, maana sipendi watu wanitazame. Nilisimama. Kigango kilikuwa kimejaa, wanaume kulia, wanawake kushoto, watoto wamekaa chini mbele kwenye mkeka. Nilitaja jina langu, Gaudensia, na kijiji changu. Nilisema kwamba jiwe nililiweka mimi kwa mkono huu, kwamba nilifanya hivyo kwa kuwashuku watu wasio na kosa, na kwamba Jonasi Nijimbere alipoulizwa mbele ya watu mimi nilikuwepo nikijua, nikanyamaza. Nilisema nimekuja peke yangu, kwa nauli yangu, na kwamba hajaiba chochote, pwani wala kwetu. Katekista alinishukuru. Nilimwona Nijimbere kwenye benchi la nyuma, si kule mbele kwa wanakwaya, ameinamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yamelegea kama ya mtu aliyetua mzigo.

Ndipo mwanamke mmoja wa rika langu, upande wa kushoto, akainua mkono. Alikuwa amevaa kitenge cha utume wa wanawake na amekunja midomo kwa namna ninayoijua vizuri.

"Tumemsikia mama," alisema. "Lakini mama tunamwona leo kwa mara ya kwanza. Tutajuaje kama huyu Jonasi hakumwendea akamwomba aje aseme hivi?"

Watu waliguna, wale wale wa kukubali. Katekista alinitazama, anangoja nijibu. Nijimbere alikuwa ameinuka, akapita katikati ya mabenchi, akatoka nje. Na mimi niliendelea kusimama pale mbele ya yule mwanamke, kwa sababu kama ningekuwa nimekaa mahali pake, swali hilo ningelikuwa nimeliuliza mimi.